Maji Meupe Si Lazima Yawe Safi



Naomba nafasi katika jarida letu la muhula huu ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu twaliona mara kwa mara wala hatulisemi, nalo ni maji ya rangi yanayomwagwa makorongoni. Najua wako wasomaji watakaosema kwamba habari hii ni ya viwanda vikubwa vya mjini, wala si ya watu wa Karatu tulimao mahindi, ngano na maharage. Nawaomba wavumilie wasome mpaka mwisho, kisha wanihukumu.

Kwanza nitaeleza kisa kilichonifanya nishike kalamu. Shangazi yangu hufanya kazi ya batiki. Batiki zake huuzwa katika maduka yaliyo kando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro, ambako wageni husimama kununua vitu vya ukumbusho kabla ya kupanda kwenda kuitazama kreta. Kwa kazi hiyo amewasomesha watoto wake wawili, na hata sare niliyoivaa leo imetokana na vitambaa hivyo. Hupaka nta kitambaani, kisha hukitia katika ndoo yenye rangi, kostiki soda, na unga ule ambao watu wa kazi hiyo huuita haidro. Kazi ikiisha, maji hubaki. Na maji yaliyobaki humwagwa nyuma ya nyumba, yakashuka korongoni.

Mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, mzee mmoja jirani yetu ambaye shamba lake liko upande wa chini wa korongo lile alikuja nyumbani. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za mifugo na za watoto, alisema, "Binti yangu, dimbwi langu limekuwa la buluu, na ndama wangu wamekataa kunywa. Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza."

Shangazi hakuwa na jibu. Habari ikaenea, na kitongoji kikagawanyika. Wengine walisema kazi ya batiki ikomeshwe mara moja. Wengine walisema mzee yule ana wivu, kwa maana ndoo moja ya rangi haiwezi kuharibu nchi. Palipofanyika kikao, mimi kwa ujana wangu nilisimama nikasema, "Naomba radhi, wazee wangu. Jambo hili ni dogo. Mkaa utalimaliza." Nilipigiwa makofi, na nikakaa kitini nikijiona mtaalamu. Basi makala haya nayaandika ili nieleze nilikuwa na haki kwa kiasi gani, na nilikosea kwa kiasi gani. Kwa maana makosa yangu, nionavyo mimi, ni makosa ya watu wengi.

Nianze na haki yangu. Si uongo kwamba mkaa hula rangi. Mkemia Tobias Lowitz, aliyefanya kazi katika mji wa St. Petersburg nchini Urusi, aliligundua jambo hili mwaka 1785, alipoona kwamba maji yenye rangi yakichanganywa na unga wa mkaa hutoka meupe. Mwanzoni mwa karne ya 19 watengenezaji wa sukari wa Ulaya walianza kutumia mkaa wa mifupa kuisafisha sukari yao hata ikawa nyeupe. Katika Vita Kuu ya Kwanza, gesi ya sumu ilipoanza kutumiwa kwa wingi mwaka 1915, askari walipewa vinyago vyenye mkaa ndani yake. Na mwaka 1918 wananchi wa Marekani waliombwa wakusanye kokwa za matunda na maganda ya njugu ngumu, ili zichomwe kuwa mkaa wa vinyago hivyo. Kwa hiyo takataka za mezani ziliokoa roho za watu.

Sababu yake ni nini? Mkaa ukiutazama kwa macho waona kipande cheusi kikavu, lakini kwa hakika ni kitu chenye matundu yasiyohesabika, mengine madogo hata darubini ya maabara yetu haiwezi kuyaonyesha. Mti ulipokuwa hai ulikuwa na mirija ya kupitishia maji; moto ulipofukuza maji na mvuke, uliacha mifupa ya ule mti pamoja na vitundu vyake. Rangi ikipita huko hushika kwenye kuta za vitundu, kama vumbi linavyoshika kwenye kuta za nyumba. Tena viwandani mkaa huongezewa nguvu kwa mvuke wa joto kali sana au kwa madawa, hata vitundu vyake vikazidi. Gramu moja tu ya mkaa wa namna hiyo huweza kuwa na kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba 1,000 hivi. Kiwanja cha mpira kina mita za mraba 7,000 hivi. Basi fikirini, gramu saba za mkaa huo, ambazo mtu huweza kuzishika kiganjani, zina kuta za kutosha kutandika kiwanja kizima. Mkaa wetu wa jikoni haufiki huko, hata kidogo, lakini kazi yake ni ya namna ile ile.

Si mkaa peke yake wenye vitundu. Magunzi ya mahindi, makapi ya kahawa, maranda ya seremala na pumba za mpunga, vyote vyaweza kushika rangi. Na wataalamu hawakuishia kwenye vitu tunavyovikuta shambani. Mwaka 2005 Omar Yaghi na wenzake walitangaza kwamba wametengeneza kwa mikono yao vitu vyenye vitundu vya kipimo kimoja, vilivyoungwa kwa kaboni na elementi nyingine nyepesi, kama fundi aungavyo fito za nyumba. Tangu hapo wachunguzi wa nchi nyingi wamekuwa wakivijaribu vitu vya jamaa hiyo katika kuondoa rangi majini. Bwana huyo alizaliwa Amman katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, na utotoni kwao maji hayakuwa jambo la kufungua bomba tu. Mwaka 2025 yeye pamoja na Susumu Kitagawa na Richard Robson walipewa Nishani ya Nobel ya Kemia kwa kazi ya vitu vya vitundu vilivyoungwa kwa madini na kaboni. Naitaja habari hii ili mwanafunzi wa kwetu asidhani kwamba habari ya matundu na maji ni mchezo wa watoto.

Basi, baada ya kikao kile, nilimwomba mwalimu wetu wa kemia ruhusa, naye akanikubalia nijaribu mbele yake. Nilichukua buluu ya methilini, ile rangi tunayoitumia katika biolojia ili chembe hai zionekane vizuri. Niliitia kidogo katika gilasi tatu za maji. Ya kwanza niliitia unga wa mkaa uliooshwa, ya pili unga wa magunzi, ya tatu makapi ya kahawa yaliyosagwa. Nilikoroga, nikaacha, kisha nikachuja. Gilasi zote tatu zilipauka, na ile ya mkaa ikawa kama maji ya kisima. Nilifurahi sana. Nikasema moyoni, kazi imekwisha.

Kazi ilikuwa haijaanza. Nilipojaribu rangi nyekundu ya dukani, ambayo watu huitumia kutia rangi nguo za pamba, magunzi na makapi hayakufanya lolote la maana. Maji yaliingia mekundu yakatoka mekundu. Mkaa ulijitahidi, lakini nililazimika kutumia mwingi na kungoja siku nzima. Mwalimu akanieleza sababu. Magunzi na makapi yakiwa majini huwa na chaji hasi. Buluu ya methilini ina chaji chanya, kwa hiyo huvutwa. Rangi nyingi za nguo za pamba zina chaji hasi, kwa hiyo husukumwa mbali. Somo hili tulilisoma darasani tukalijibu katika mtihani, lakini mimi nilikuwa sijalielewa mpaka nilipoliona katika gilasi. Mtu anayesema tu kwamba "mkaa huondoa rangi" au "makapi huondoa rangi" hajasema kitu, mpaka aseme ni rangi gani.

Kisha nikaleta maji ya shangazi mwenyewe. Rangi yake ni ya namna nyingine tena. Haidro na kostiki huifanya iyeyuke, na hewa ikiigusa hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka. Ndiyo sababu kitambaa kikitolewa ndooni hubadilika rangi mbele ya macho. Niliyaacha maji yale wazi katika beseni usiku kucha, nikiyakoroga mara kwa mara, na asubuhi nikakuta tope la rangi limetua chini. Maji ya juu niliyamimina pole pole, nikayapitisha katika mchanga, kisha katika mkaa. Yalitoka meupe. Nikayatia katika chupa nikampelekea yule mzee, nikiwa na furaha kama mtu aliyeshinda mbio.

Mzee aliishika chupa, akaigeuza kwenye jua, akatabasamu. Kisha akaniuliza neno moja tu: "Mjukuu wangu, je, wewe utayanywa?"

Sikujibu. Nilirudi shuleni nikayajaribu kwa karatasi ya litmasi. Karatasi nyekundu ikawa buluu palepale. Kostiki yote ilikuwamo! Mkaa uliiondoa rangi, ukaiacha sumu inayounguza. Nami ningeyaacha maji yale yapite korongoni, ndama wangeyanywa bila kusita, kwa sababu sasa hayakuwa na rangi ya kuwaonya. Kwa maneno mengine, kwa elimu yangu nusu ningaliwadhuru wale ndama kuliko shangazi alivyowadhuru kwa kutojua.

Hilo ndilo neno ninalotaka kulisema, ndugu wasomaji. Sisi watu twaogopa maji yenye rangi na twayaamini maji meupe. Jambo hili halitufai, hasa sisi tunaoishi upande huu wa nchi. Katika sehemu nyingi za mikoa ya Arusha na Manyara maji ya visima na chemchemi yana floridi nyingi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Maji hayo ni meupe pe, hayana harufu, tena kuyachemsha hakuondoi floridi hata chembe. Lakini twawaona wenzetu meno yao yamekuwa ya kahawia tangu utoto, na wengine mifupa yao imepinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita moja kuwa mwisho unaofaa. Kituo cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimeshughulika na jambo hili, na dawa yake iliyojulikana sana ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa wa miti hauwezi kuifanya kazi hiyo kama ule wa mifupa. Twaona basi kwamba kila uchafu una chujio lake, kama kila kufuli lina ufunguo wake.

Na ushahidi wa neno hili hatuhitaji kuutafuta mbali. Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali hapa hapa Karatu, alisoma mpaka akapata shahada ya udaktari huko Korea Kusini, akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha. Alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na vitu vidogo mno vya kitaalamu, na mwaka 2015 akawa mtu wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Uhandisi, itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, akapewa paundi 25,000. Ninalolistaajabia mimi zaidi ya fedha zile ni njia yake. Hakusema kwamba chujio moja lafaa kwa maji yote ya ulimwengu. Chujio lake hutengenezwa kwa kufuata uchafu uliomo katika maji ya mahali penyewe. Kwanza ajue kilichomo, halafu achague dawa. Mimi nilianza na dawa.

Sasa nijibu hoja za wale wasiokubaliana nami.

Wako wasemao kwamba ndoo moja ya rangi si kitu. Wangekuwa na haki kama maji ya Karatu yangekwenda baharini, yakapotea katika maji mengi. Lakini tazameni ramani. Maji yetu hushuka ama upande wa Ziwa Eyasi ama upande wa Ziwa Manyara, na maziwa yote mawili hayana mto utokao kwenda baharini. Hata ndani ya kreta ya Ngorongoro ni vivyo hivyo: maji huingia Ziwa Magadi na hayana pa kutokea. Jua huyachukua maji, likaacha kila kilichokuwamo. Magadi yale meupe tunayoyaona ufukweni ni ushahidi wa mambo yote yaliyobebwa na mito tangu zamani. Sisi si watu wa kando ya mto mkubwa. Twaishi juu ya masinia. Tukimwagacho leo, wajukuu wetu watakikuta hapo.

Wako wasemao kwamba rangi ni urembo tu, haina madhara. Hata hilo si kweli. Maji yenye rangi nzito huzuia mwanga, na mimea ya majini hukosa chakula. Haidro hula hewa ya oksijeni iliyomo majini, na viumbe hukosa pumzi. Na baadhi ya rangi za viwandani zikivunjika huzaa vitu vinavyoweza kudhuru mwili wa mtu. Tangu kijana Mwingereza William Perkin alipotengeneza rangi ya zambarau maabarani mwaka 1856, naye akiwa na umri wa miaka 18 tu, rangi nyingi za nguo zimetengenezwa ili zisichujuke kwa jua wala kwa sabuni. Sifa hiyo hiyo tunayoipenda katika shuka na kanga ndiyo inayoifanya rangi ikae majini muda mrefu. Hatuwezi kuisifu rangi kwa kutochuja, kisha tukashangaa kwamba haiishi korongoni. Watu wa Dar es Salaam wameliona jambo hili katika Mto Msimbazi, unaopokea maji machafu ya viwanda na ya majumba; sisi tuna nafasi ya kujifunza kabla hatujafika huko.

Wako wasemao kwamba, kwa kuwa ni hivyo, kazi ya batiki ikomeshwe. Hawa siwaungi mkono hata kidogo. Kukomesha kazi ya mama aliyewasomesha watoto kwa jasho lake ni jambo rahisi kwa mtu ambaye watoto wake hawaihitaji kazi hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yampa kila akaaye Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Mzee wa ndama ana haki hiyo, na shangazi pia anayo, kwa maana yeye ndiye anayetia mikono yake katika kostiki kila siku. Dawa ni kumsaidia afanye kazi vizuri.

Mwisho wako wasemao, "Kama mkaa unasaidia, basi tuchome mkaa mwingi." Hawa ndio ninaowaogopa kuliko wote. Mkaa huo utatoka wapi? Juu yetu uko msitu wa Ngorongoro, nao ndio unaonasa ukungu na mvua, ukatuletea vijito na chemchemi tunazozitegemea sisi na mashamba yetu. Mtu akikata mti wa msitu ule ili achujie ndoo ya maji, amefanana na mtu aliyeuza ng'ombe ili anunue kibuyu cha kuwekea maziwa. Kama twataka mkaa wa kuchujia, tuuchome kwa magunzi ambayo kila nyumba inayo baada ya mavuno, na kwa makapi ya mashamba ya kahawa. Vitu hivyo, vikiwa vibichi, vimeshindwa na rangi nyekundu mbele ya macho yangu. Lakini vikichomwa katika pipa lililofunikwa, pasipo hewa nyingi, huwa mkaa wenye vitundu, wala hapana mti ulioanguka.

Baada ya kusema hayo, haifai nilaumu tu bila kutoa shauri. Mashauri yangu ni manne.

Shauri la kwanza lilitoka kwa shangazi mwenyewe, wala si kwangu. Nilipomweleza habari za kuchuja alicheka akasema, "Mwanangu, rangi ninayoimwaga ni fedha ninayoimwaga. Kwa nini tusianze hapo?" Tangu siku ile hupanga vitambaa vyake, akaanza na vya rangi nyepesi na kumaliza na vya rangi nzito katika ndoo ile ile, akiongeza rangi kidogo kidogo. Maji ya kumwaga yamepungua sana. Basi kupunguza kuje kwanza, kuchuja kufuate.

La pili, maji yanayobaki yaachwe katika beseni pana mpaka rangi itue, kisha yapitishwe katika mchanga na mkaa wa magunzi. Baada ya hapo yapimwe kwa litmasi, na ukali wake upunguzwe kwa siki, kidogo kidogo, mtu mzima akiwapo na mikono imevikwa glavu. Na hata yakiisha kutulia, yasipewe mifugo wala yasimwagiliwe mboga, kwa maana chumvi bado imo. Yatiwe katika shimo fupi lililotandikwa nailoni nzito, lenye ua na kifuniko cha kuzuia mvua, jua la kiangazi liyakaushe. Tutakuwa tumejitengenezea Eyasi yetu ndogo, lakini hii tutaweza kuikomba na kuijua.

La tatu, mkaa uliokwisha kushiba rangi usisahauliwe. Haukuila rangi hata ikatoweka, umeibeba tu. Ukiutupa korongoni, mvua itairudisha, na ukiupikia chakula utavuta moshi wake. Uwekwe pamoja na lile tope, mahali pakavu, mpaka wenye mamlaka ya mazingira waonyeshe pa kuvipeleka. Neno hili latuhusu hata sisi wa shuleni, kwa maana mabaki ya maabara yetu nayo huenda mahali fulani baada ya kupita katika sinki. Naomba shule iwe na pipa lake la mkaa wa magunzi, na Kidato cha Tatu kipewe zamu ya kulitunza.

La nne ni kwa walimu wetu wapendwa. Naomba kila tunapofundishwa kwamba kitu fulani "huondoa" kitu fulani, tuulizwe pia: Huondoa nini? Huacha nini? Na kilichoondolewa kimekwenda wapi? Maswali haya matatu hayakuwamo katika daftari langu. Niliyapata kwa mzee ambaye hakuingia darasa la kemia, na aliyeniuliza kwa upole tu kama ningeyanywa maji niliyomletea.

Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi mbele ya kikao kizima. Kwa hiyo katika kikao kilichofuata nilisimama tena, nikaeleza kwamba nilisema neno kabla ya kulipima, nikawaonyesha karatasi ya litmasi. Safari hii sikupigiwa makofi. Lakini mzee na shangazi walikwenda pamoja kutazama mahali panapofaa kuchimbwa shimo, na mzee ndiye aliyeleta jembe. Tangu hapo maji ya batiki hayajamwagwa korongoni. Dimbwi bado lina weusi kidogo pembeni, na ndama wanapelekwa kunywa kwenye bomba mpaka mvua zije zilisafishe. Nami siwezi kusema kwamba jambo limekwisha.

Lakini nadhani limeanza vizuri kuliko nilivyolianza mimi. Wenye maoni mengine nawaomba wayaandike katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa heshima.

Wenu katika elimu,

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Karatu.